Kitasa Kina Nini?

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa mtahini anakuja kukaa chumbani ninamotibia, anitazame. Akiona nafaa, mimi ni daktari kamili wa familia. Akiona sifai, narudia mwaka mzima, na mama ameshawatangazia majirani kwamba nimefaulu.

Leo mzee mmoja kaja na kikohozi. Nimempima kifua, nimemwandikia dawa, kashukuru. Kafika mlangoni, kashika kitasa, kageuka. Ati kwa kuwa yupo hapa, anakojoa damu tangu mwezi uliopita. Mwezi uliopita! Mkufunzi wangu kasema ndivyo walivyo, jambo zito hulitoa wakishika kitasa, ndiyo maana daktari hana haraka ya kuaga. Akaendelea kusema mengine. Mimi nilikuwa nawaza kitasa.

Jumanne, 4 Machi
Mwenzangu wa mafunzo, namwita Bi Kimya, humuuliza mgonjwa swali moja kisha hutulia kama maji ya mtungini. Wagonjwa wanampenda. Njia ndefu hiyo. Mimi naanzia mlangoni: mgonjwa akiingia tu, nasimama, namshukuru kwa kuja, namuaga.

Wa kwanza, mama mwenye goti bovu, kaondoka kweli. Kaenda mapokezi kulalamika kwamba daktari kamfukuza hata hajakaa. Nimeitwa kujieleza. Nimesema ni utafiti.

Jumatano, 5 Machi
Nimeisogeza meza mpaka mlangoni. Kaja seremala, nikamwomba ashike kitasa huku akijieleza. Kasema mgongo. Nikauliza, na jingine? Kasema jingine ni kwamba kitasa kimelegea. Akakikaza.

Kabla sijakaa sawa, muuguzi kausukuma mlango, ukanipiga kwenye paji la uso. Bi Kimya kanibandika plasta. Kaniuliza naendeleaje, kisha kanyamaza. Nikajikuta namwambia naogopa kufeli, silali, na simu za mama sipokei. Sikuwa nimeshika kitasa chochote! Nimelitafakari sana hili. Nadhani ni plasta.

Ijumaa, 7 Machi
Mtahini kaketi pembeni, mpole, kakunja nne. Mama wa goti karudi. Nikamuaga mara tatu. Mara ya tatu, mkono mlangoni, kasema goti ni kisingizio tu. Mumewe amefariki, na nyumbani hana wa kuzungumza naye.

Nilifurahi mno. Nikamgeukia mtahini nikamwambia si unaona? Kisha nikamfungulia mama mlango aende zake. Mtahini akainuka, akamkalisha mwenyewe, akamsikiliza mpaka mwisho.

Baadaye kaniambia nimefeli. Ati kusemesha watu najua, kuwasikiliza bado. Roho iliniuma. Kasimama, kafika mlangoni, kashika kitasa, kageuka, akaanza kusema ila kuna jambo moja. Hata yeye! Nikamwambia muda wake umekwisha, wagonjwa wanasubiri, nikafunga mlango.

Jumamosi, 8 Machi
Mkufunzi kapiga simu. Mtahini alitaka kuniambia nijaribu tena Jumatatu na mgonjwa mwingine, nisirudie mwaka. Nilipomfungia mlango, akajua sitaki.

Nimelia, sifichi. Halafu nimekasirika. Mtu mzima, msomi, alikaa kitini chumbani mwangu muda wote ule. Jambo zito namna hiyo, si angelisema akiwa amekaa?