Karsono na Karai la Mama Mkwe

Nyamazeni, enyi mliozoea visa vya majemadari na miji iliyotekwa! Tegeni masikio, msikie habari za Karsono, muuza vifuniko vya simu, fahari ya ukoo wake kwa kukosa mwingine, jinsi alivyoingia vitani saa tatu asubuhi mjini Brebes, katika nchi ya Jawa, akiwa amejifunga aproni ya mkewe yenye maua.

Sababu ya vita ilikuwa nzito. Mama Tarwinah, mama mkwe wake, malkia wa jiko lile, alikuwa kitandani na homa, na siku ya tatu ilikuwa imeingia bila kutia kitu kinywani. Aliletewa uji wa mchele, akautazama, akageukia ukutani, kwa kuwa juu yake hapakuwa na vitunguu vidogo vya kukaanga. Binti yake Wasri alikuwa shambani, akiwahi kuvuna kabla ya mvua. Akabaki Karsono, mzaliwa wa Jakarta, ambaye siku ya kuja kuposa alileta katika nyumba hiyo, ambamo mafungu ya vitunguu huning'inia hata juu ya vitanda, zawadi ya vitunguu vilivyokwisha kukaangwa, katika pakiti ya dukani. Kwa kosa hilo alipigwa marufuku kuligusa karai, na miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita.

Shujaa akatwaa kisu. Adui walikuwa wekundu, wadogo, wengi kupita hesabu, na kila aliyechunwa ngozi alilipiza kisasi machoni mwa mchunaji. Karsono alilia kilio cha kishujaa, kamasi zikimtiririka, wala hakurudi nyuma, isipokuwa mara mbili kunawa uso.

Ndipo mafuta yakachemka. Akavimwaga humo vitunguu alivyovikatakata, akasimama imara akingoja vigeuke rangi ya dhahabu. Viligeuka, naye kwa utulivu wa mtu asiyejua kitu akaviopoa. Lakini vitunguu vikishatoka kwenye mafuta huendelea kuiva vyenyewe. Mbele ya macho yake dhahabu ikawa kahawia, na kahawia ikawa mkaa.

"We Karsono!" sauti ikatoka chumbani. "Unachoma matairi humo?"

"Ewe Mama, mkuu wa jiko hili," akanena, "kikosi cha kwanza kimeangamia, lakini mkweo hajavunjika moyo!"

"Acha hotuba, baba. Vitoe vikiwa bado vyeupe kidogo. Na punguza moto, utatuchomea nyumba!"

Karsono akapunguza moto. Kusema kweli aliogopa, kwani sauti ile iliyomnyanyasa miaka yote ilikuwa imedhoofika, na aligundua kwamba hapendi kabisa kuisikia hivyo. Akachuna tena, akalia tena. Safari hii akaviopoa vikiwa na rangi ya majani makavu ya mpunga, akavitandaza juu ya gazeti, na vikaiva vyenyewe hadi rangi ya dhahabu, vikitoa harufu iliyomtoa jirani nje. Akanyoosha mkono achukue kopo la kuvihifadhia.

"Usifunike!" akafoka mgonjwa, ambaye kutoka kitandani hakuwa akiona chochote cha jikoni. "Vikiwa vya moto vitalainika. Ngoja vipoe, mjinga wewe."

Akangoja. Majemadari wamezingira ngome kwa subira ndogo kuliko hiyo. Vilipopoa, akanyunyiza konzi nzima juu ya bakuli la uji, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda.

Mama Tarwinah aliketi kwa taabu. Akachukua kijiko kimoja. Chumba kizima kikasikia vitunguu vikivunjika menoni mwake. Akatafuna, akameza, akamkazia macho mkwewe kwa muda uliotosha kuivisha wali.

"Vinene," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Havilingani. Hiki kama ukucha, hiki kama kidole."

"Ndiyo, Mama."

Akachukua kijiko cha pili, na cha tatu, mpaka kijiko kikakwaruza chini ya bakuli. Akamrudishia bakuli tupu, akajilaza.

"Kesho uvikate vyembamba," akasema, akafumba macho.

Kesho! Waandishi wa historia, chovyeni kalamu: siku hiyo, kabla ya adhuhuri, karai la Brebes lilifunguliwa kwa mtu wa Jakarta. Mshindi alitoka chumbani na bakuli lake tupu, akaketi kwenye kizingiti cha jiko, akalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu karibu.