Kura za Wenye Fisi

Wananchi wote wa halmashauri, wakiwemo wagonjwa na waliokuwa wamelala, walitangaziwa kwa kipaza sauti cha pikipiki kwamba kuanzia siku ile walikuwa vitani. Adui alikuwa fisi. Baraza la Madiwani lilikuwa limeketi kihalali, akidi ikatimia, soda zikagawiwa, na kwa kauli iliyokaribia kuwa moja likapitisha Azimio la Vita Kamili, Shirikishi na Endelevu Dhidi ya Fisi na Washirika Wake. Halmashauri yenyewe haitatajwa hapa. Iko Simiyu, inatosha, na kuitaja ni kuisumbua bure.

Mkono wa kwanza kunyooka ukumbini ulikuwa wa Mheshimiwa Kasmiri Mboje, diwani wa kata ya Mwagulilo. Aliunyoosha hata kabla mwenyekiti hajamaliza kuisoma hoja. Msiseme ilikuwa pupa. Kiongozi mwenye maono huona mbali, na yeye alikuwa ameiona simu ya ofisa habari ikiinuliwa kupiga picha. Picha ile, mkono juu, uso umekunjwa kizalendo, ilibandikwa kwenye mbao za matangazo mpaka Bariadi mjini, na Kasmiri akatembea kifua mbele msimu mzima wa pamba.

Kura ya hapana ilikuwa moja tu. Aliipiga Violeth Ndaki, diwani wa viti maalumu, mwanamke wa maneno machache, aliyeuliza kama isingekuwa nafuu kila kaya isaidiwe kujenga banda la mbuzi lenye mlango unaofungika. Swali hilo lilionekana kupungukiwa uzalendo. Waheshimiwa wenzake wakamwita Mama Fisi, naye akapanda bodaboda akaenda zake.

Vita vikapiganwa. Kikosi kazi kiliingia porini na gari, kikakaa mpaka mafuta yakaisha, kikaua mbwa wa mwalimu. Ripoti ikamwita mbwa huyo "fisi kijana", na tathmini ikaonyesha kwamba malengo yalikuwa yamefikiwa kwa kiwango cha kuridhisha. Fisi hawakupelekewa nakala. Wakaendelea kula mbuzi wa Mwagulilo bila kujua kwamba wameshashindwa.

Ndipo Kasmiri akatoa hoja iliyompa jina. Alisimama kwenye kikao, akakohoa kidogo kusafisha koo, akawakumbusha wajumbe jambo ambalo kila Msukuma amelinyonya kwa mamaye: fisi anayeingia bomani ana mwenyewe. Kafugwa kwa dawa, ana jina lake, bibi fulani humpanda usiku akaenda naye kokote anakotaka, na kukikaribia kucha anamrudisha. Kwa nini basi serikali imalize mafuta kumtafuta adui porini, na adui ana nyumba na mlango? Makofi yakapigwa. Ikaazimiwa kwamba wenye fisi wote wafike ofisi ya kata, saa za kazi, kusajili wanyama wao.

Hakufika mtu. Watu wakaanza kutazamana, na macho yakaenda kutua pale yanapotuaga siku zote, kwa vikongwe. Kwandu, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, aliamka akakuta mlango wake umepakwa kinyesi cha fisi. Alifunga vitenge vyake, akaenda kwa binti yake Kiloleli, na mahindi yake yakaliwa na ng'ombe wa watu. Ilikuwa aibu kubwa, aibu ya kata nzima, lakini haikuingia kwenye ripoti kwa sababu aibu haina kifungu.

Uchaguzi ukafika. Violeth safari hii aligombea kata yenyewe, ana kwa ana na Kasmiri. Mheshimiwa hakulala vizuri tangu siku hiyo. Bila udiwani angerudi kuwa Kasmiri tu, mtu wa kusimama foleni ya zahanati na kukosa kiti msibani. Kasmiri huyo alishawahi kuishi naye, na hakumpenda.

"Wenye mbuzi tunao, mheshimiwa," alisema Josia, meneja wake wa kampeni, kijana wa mjini aliyezoea kutembea na simu mbili. "Picha ya mkono inatosha. Shida ni kundi la pili."

"Kundi gani?"

"Wenye fisi."

Kasmiri akakaa chini. Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyelithibitishia baraza kwamba wako, na mtu hawezi kuthibitisha wapiga kura halafu akawasahau.

"Ni wangapi?"

"Hapo ndipo kazi ilipo. Hawana chama, hawana mwenyekiti, na hakuna anayekiri. Anaweza kuwa yeyote. Wewe ulipiga kura wauawe wanyama wao, mheshimiwa. Mtu wa namna hiyo hasahau."

Palepale ikaundwa Kamati Ndogo ya Makundi Maalumu Yasiyojitambulisha, mwenyekiti Kasmiri, katibu Josia. Ikaja na mkakati wa ngazi mbili. Kwenye jukwaa mheshimiwa angebaki mtu wa vita. Pembeni, mtu mmoja mmoja, angeeleza kwamba mkono uliinuka kwa shinikizo la kikao ila moyo ulipiga hapana. Kwa kuwa mwenye fisi anaweza kuwa yeyote, busara ilielekeza kwamba aambiwe kila mtu.

Alianza na Machibya, kamanda wa sungusungu, mtu mrefu asiyecheka hovyo. Alimkuta anachoma masalia ya pamba shambani.

"Mwadila, bhabha."

"Mwadila, ng'wana Mboje. Karibu."

Kasmiri akamshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya kihenge, akapeleka mdomo sikioni. "Mzee wangu, ile kura ya vita mimi niliipinga. Moyoni. Wale wanyama wako wakae kwa amani. Nikirudi, hakuna wa kuwagusa."

"Wanyama gani? Ng'ombe?"

"Wale wengine, bhabha. Wa usiku."

Machibya alimtazama. Akatazama moto wake. Mgeni akiwa nyumbani kwako hamgombani, hata akikanyaga nafaka, utamsubiri atoke.

"Nimekusikia," alisema.

Kasmiri alirudi kwenye gari anapiga mluzi. Alisikiwa! Akamwambia Josia waendelee. Wakaenda kwa Selestini, katekista. Mzee wa watu alishika rozari yake, akasema amemsikia. Wakaenda kwa mchungaji, kwa mama wa kwaya, kwa fundi cherehani, kwa mnunuzi wa pamba. Wote walikuwa wamemsikia. Nyanjige, rafiki wa Kwandu tangu usichana, alikuwa anapepeta mtama aliponong'onezwa. Ungo ulisimama mikononi. Hakusema hata kwamba amesikia, na Kasmiri akamhesabu kuwa mwenye fisi wa uhakika, kura yake iko mfukoni.

Siri haikuvuja hata kidogo, na Josia akaisifu nidhamu ya wananchi. Ukweli ni kwamba wananchi walikuwa wanaumwa. Kila mmoja alibaki na neno lile peke yake. Utaanzaje kumwambia jirani kwamba diwani amekuja kukuhakikishia usalama wa fisi wako? Atakuuliza kwa nini amekuja kwako. Basi watu wakawa wanapishana njiani wakiangalia chini, mama wa kwaya akaacha kuimba, na wanaume wakaanza kuzungumzia mbuzi wao kwa sauti kubwa isiyo ya lazima.

Mkutano wa mwisho ulifanyika mbele ya godauni la pamba, wagombea wote wawili jukwaa moja. Vumbi lilikuwa jingi na watu walikuwa wengi zaidi ya vumbi. Violeth akaanza.

"Nilipiga kura ya hapana," alisema. "Mnajua. Wengi hamkuipenda, na wengine mlinitukana mpaka kwenye harusi. Ningeipiga tena leo. Mbuzi anataka banda na mlango. Ahsanteni."

Akakaa. Kasmiri alimwonea huruma, maana hotuba haikuwa hata na neno "mkakati". Akainuka yeye, akanyoosha mkono uleule wa picha.

"Mimi ni mtu wa vita!" alinguruma. "Nilikuwa wa kwanza! Nani hajaniona?"

"Tumekuona, ng'wana Mboje." Alikuwa Nyanjige, amesimama katikati ya wanawake, fimbo mkononi. "Na tumekusikia pia. Naomba niseme."

Josia alitaka kuzima kipaza sauti. Bibi hakuwa na kipaza sauti.

"Mayu, maswali ni baadaye," alisema Kasmiri.

"Sina swali, nina aibu. Huyu alikuja kwangu, jamani. Akaniambia fisi zangu zisiogope, atazilinda. Nimekaa na neno hilo tumboni, hata kanisani nakaa nyuma, najiuliza kama ndivyo mnavyosemaga wote nikipita. Mlimfukuza Kwandu kwa neno kama hili. Nilinyamaza siku ile, na Mungu ananiona. Leo nimechoka kuogopa. Kama alikuja kwangu peke yangu, basi mnitenge hapahapa, mbele ya macho yangu. Kama yuko mwingine aliyenong'onezwa, asimame."

Yule bibi alikuwa ameweka uzee wake wote mezani. Kwa muda ilionekana kwamba atasimama peke yake.

Selestini akainuka, rozari mkononi, kichwa kimeinama. Mama wa kwaya akainuka. Mchungaji akatazamana na katekista kwa mara ya kwanza bila kubishana, akainuka. Halafu ilikuwa kama mvua inapokubali kunyesha: benchi hili, benchi lile, wanaume kwa wanawake, mpaka wakawa wanatafutana kwa macho na kuguna, na wewe, na wewe pia! Josia alimwona mama mkwe wake anasimama, akazima simu zote mbili. Vicheko vikaanza nyuma kabisa. Walikuwa wamebeba mzigo mmoja, kila mtu peke yake, na sasa waliutua.

Machibya alisubiri vicheko vipungue.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema polepole. "Nasemea ng'ombe. Mwenye mbuzi husemea mbuzi. Sasa nauliza, wazee wangu, niko tayari kusahihishwa. Mtu anayezunguka kata nzima, nyumba kwa nyumba, kuwaombea fisi amani, ni nani?"

Macho yote yakamgeukia mheshimiwa, yakatua.

"Mimi nilipiga kura ya vita!" Kasmiri alilia.

"Ndiyo," alisema mtu wa nyuma. "Mwenye fisi mwerevu ndivyo angefanya."

Violeth alishinda. Watu wengi waliomchagua bado waliamini vita vingekuwa na faida, kama vingepiganwa na watu wengine. Walipoulizwa sababu, fundi cherehani alieleza kwa niaba yao kwamba yule mama aliwaambia kura yake mchana, nao wakamchukia mchana, kwa hiyo hesabu zao zilikuwa sawa. Wiki ileile Nyanjige alikwenda Kiloleli, akapiga magoti mbele ya rafiki yake, akarudi naye.

Kasmiri alidhani yaliyompata yameisha. Asubuhi moja alifungua geti akamkuta mama wa kwaya amesimama na pembe mbili na kipande cha ngozi.

"Mwangaluka, bhabha," alisema kwa adabu zote. "Mbiti wako, yule fisi, amekula mbuzi wangu jana. Simdai mtu. Naomba tu uongee naye."

Nyuma yake alikuwepo mnunuzi wa pamba, naye ana mfupa. Kesho yake wakaja wa kijiji cha pili, keshokutwa yake wakafika hata watu wa Mwamapalala, ambako hakuwahi hata kuomba kura. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyepaka kitu mlangoni. Walimsalimia vizuri, wakaweka mifupa chini, wakasubiri mwenye mali afanye jambo. Mzee mmoja aliomba atajiwe jina la yule fisi mkubwa mwenye kilema, ili akimkuta njiani amwite kwa heshima.

Alikwenda ofisi ya kata akaomba barua ya kuthibitisha kwamba hana fisi. Mtendaji alimsikiliza kwa makini, akasema fomu zilizopo ni za kusajili tu. Alijaribu redio, lakini mtangazaji alicheka mpaka akaweka muziki. Mkewe akaenda kukaa kwa kaka yake Nyalikungu mpaka mambo yatulie.

Mwisho alituma mtu amwite Machibya. Kamanda alikuja jua likiwa limeanza kuinama, akapita katikati ya watu na mifupa yao, akavua kofia.

"Bhabha, niokoe," alisema Kasmiri. Alikuwa amekonda, na machozi yalikuwa karibu. "Wewe unaheshimika. Neno lako moja linatosha. Simama hapo, waambie sina fisi. Unajua sina!"

Machibya alifikiri. Akamshika mkono, taratibu, akampeleka mpaka nyuma ya tangi la maji, akaangalia kulia na kushoto, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio.

"Ng'wana Mboje," alinong'ona, "fisi huna. Mimi najua, na moyoni nakutetea kila siku. Lakini hapo nje, mbele za watu, si unajua tena mambo ya shinikizo?"

Akampiga piga begani, akavaa kofia yake, akarudi getini kuwapanga watu foleni.