Kila Punda na Shimo Lake

Jumatatu, 2 Julai 1951

Naandika nyuma ya kalenda ya misheni yenye picha za watakatifu, ndiyo maana tarehe zangu hazina makosa. Shule sikuiona. Herufi chache alinipa Sista wakati wa mafundisho ya Komunyo. Zilizobaki nilizisoma mwenyewe kwenye magunia ya kahawa.

Leo nimefungua zizi la kulaza wanyama wa watu. Lina paa, halina kuta, liko mteremkoni juu ya barabara. Punda anayepanda na samaki kutoka ziwani lazima apite hapa. Punda anayeshuka na kahawa kwenda Mbinga lazima apite hapa. Nyasi zipo. Maji yapo. Fisi ninamjua kwa kikohozi chake. Malipo ni dagaa wa usipa, chumvi, maharage, chochote. Sichagui.

Mwanangu Mansuetus analitaka zizi hilo aanikie kahawa. Amesema, mbele ya katekista Romanus, kwamba asubuhi ile ununuzi wa kahawa utakapofunguliwa, tarehe kumi na sita, akikuta zizi limejaa ataniachia mpaka nife. Akilikuta tupu atalichukua, nami nitahamia kwake nikae na mkewe Ephrasia.

Ephrasia si mtu mbaya. Lakini chumvi anaifunga kwenye kitambaa na kulala nayo. Mimi nimezika mume, nimelea watoto, nimeona vita mbili za Wazungu. Siwezi kuomba ruhusa ya kutia chumvi kwenye maharage.

Wateja wa leo: hakuna. Bado mapema.

Jumatano, 4 Julai

Kosa si langu. Watu hawajui kwamba nipo. Nimetengeneza bango. Ubao wa mlango wa zamani, chokaa, brashi ya mkia wa mbuzi. Nimemchora punda mnene, anacheka, ili wajue kwamba hapa wanyama wanakula. Nikausimamisha kando ya barabara, nikakaa chini yake kupokea watu.

Amepita Bernadi, yule Mnyasa wa Mbamba Bay anayeuza usipa, na punda wake wawili. Akaniamkia vizuri, Shikamoo Bibi Gertruda. Kisha akauona ubao. Akawachapa punda, wakakimbia wote watatu. Nikamfukuza hadi konani kumuuliza ana nini. Akasema anashukuru sana kuonywa kwamba hapa pana fisi, maana Wamatengo hawana desturi ya kuwahurumia wageni.

Nikamwambia Mnyasa asiyemtambua punda wake arudi ziwani akachunge samaki.

Wifi yangu Kunigunda, dada wa marehemu, ndiye aliyecheka kuliko wote. Yeye anawalaza punda wa watu kule bondeni kwenye kijito, tena bure, kwa sababu anachotaka ni umbea wa wenye punda. Alisimama mbele ya bango langu, mkono kiunoni, akatangaza kwamba fisi huyo ana mimba.

Nikamsikia anakohoa. Bonde lile lina baridi mbaya. Jioni nimempelekea uji wa tangawizi, nikamwambia aunywe wote kisha afunge mdomo.

Ijumaa, 6 Julai

Nimewaza usiku kucha na nimepata. Ubao hautoshi. Lazima zizi lenyewe liwe la ajabu.

Tatizo la zizi ni mteremko. Mnyama akilala huku kichwa kiko Mbinga na miguu iko ziwani, hawezi kuota ndoto nzuri. Na Mmatengo akiona mteremko anafanya nini? Anachimba ngoro. Unalaza nyasi kwa mistari, unafukia udongo juu yake, katikati linabaki shimo. Maji yanatulia, udongo hauteremki, maharage yanastawi. Bibi zetu walichimba hivyo na hakuna kilima kilichowashinda.

Kama linafaa kwa maharage, mbona lisifae kwa punda? Kila punda na shimo lake. Hakuna kuteleza, hakuna upepo, hakuna ugomvi.

Nashangaa hakuna aliyewaza hivi kabla yangu.

Jumamosi, 7 Julai

Ushindi. Pombe niliyokuwa nimeipikia mavuno ya maharage nimeitoa yote, nikawaita majirani waje na majembe. Hapa kwetu ukipika pombe huhitaji kumbembeleza mtu. Walichimba wakiimba. Hadi mchana zizi lote lilikuwa mashimo, mazuri, makavu, na nyasi ndani. Kila aliyekunywa ameapa kumleta punda wake. Mmoja ambaye hana punda alikuja na mbuzi, akauliza kama mbuzi anahesabiwa. Nikasema tutaona.

Mansuetus alikuja akasimama ukingoni. Akauliza sasa mikeka ya kahawa ataitandika wapi. Nikamwambia asipime kitanda cha mtu ambaye bado anakilalia.

Bernadi alikuwa anarudi ziwani. Akauliza Bibi, unapanda punda? Wataota lini? Kama mbegu inabaki, anaomba ya jike.

Pombe imekwisha. Yamebaki machicha, lundo zima, na mimi situpi chakula. Nimeyagawa kwenye mashimo yote, juu ya nyasi. Mgeni akifika akute chakula kitandani.

Jumatano, 11 Julai

Hakuna aliyekuja. Hata mbuzi.

Wale wote walioapa, nimewaona leo wakipita kwenda kwa Kunigunda. Wananiamkia huku wakitazama upande mwingine. Mmoja amesema punda wake anaogopa makaburi.

Nilimwomba Romanus alitangaze zizi kanisani baada ya kutangaza ndoa. Akasema kanisa si soko. Nikamkumbusha ni mgongo wa nani uliombeba alipokuwa na surua. Akasema anakumbuka, na kanisa bado si soko.

Mchana alikuja Ephrasia na kamba. Anapima kitanda changu kama kitapita mlangoni kwake. Kitapita. Alipima kwa upole sana, akaninyanyulia hata mto. Hilo ndilo lililoniumiza. Nikampa ndizi aende nazo, nikafunga mlango, nikakaa.

Nilikaa kidogo tu. Kisha nikafikiri juu ya farasi.

Jumamosi, 14 Julai

Padri amefika kigangoni kwetu kuungamisha. Huja na farasi wake, mweupe, mzee, mwenye kope kama za bibi harusi. Kwa kawaida humfunga nyuma ya kanisa.

Nilipanga foleni ya maungamo. Nikasema dhambi zangu, ambazo ni za Kunigunda kwa sehemu kubwa. Kisha nikamwambia Padri kwamba upepo wa mwezi wa saba unaua, na farasi akifa nyuma ya kanisa sijui nani atalijibu hilo mbele ya Mungu. Padri akaniuliza kama hayo nayo ni maungamo. Nikasema ni huruma. Nikamsikia anacheka. Akasema sawa Mama, mchukue, kesho baada ya Misa nitamhitaji.

Nimempitisha barabara yote, polepole, mara mbili, ili kila mtu aone.

Alipofika zizini akanusa shimo la kwanza. Akala machicha. Yamechacha kidogo, yana harufu ya kupanda kichwani, lakini yeye aliyapenda. Akala shimo la pili. La tatu. Alipomaliza mashimo yote akarudi kwenye lile kubwa la katikati, akajilaza, akashusha pumzi ndefu kama mwanamume aliyetoka kulima.

Nimemfunika blanketi langu.

Jumapili, 15 Julai

Siku ya maisha yangu!

Misa imekwisha, watu wote wanashuka barabarani, Padri anakuja kumchukua farasi wake aende kigango kingine. Farasi hajaamka. Padri akamwita. Farasi akafungua jicho moja, akalifumba. Padri akavuta kamba, Romanus akasukuma kwa nyuma akiwa na kanzu yake ya kanisani. Farasi akajigeuza upande wa pili. Padri akasema maneno ya kwao. Sidhani yalikuwa sala.

Watu walijaa ukingoni. Nikapanda kwenye tuta nikawaambia ukweli. Farasi huyu amelala mabanda ya matofali ya misheni, amekula kila aina ya majani, lakini oneni alipoamua kukaa. Anaitwa na Padri mwenyewe na haondoki.

Padri akamshika tumbo, akamsikiliza, akasema si mgonjwa, labda amechoka. Akaondoka kwa miguu. Akaniomba nimtunze hadi apate nguvu.

Kabla ya jioni walifika wote. Wenye kahawa kutoka Litembo wanaowahi ununuzi wa kesho. Wale walioapa. Bernadi na punda wake wawili, akisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba lile bango ni la punda. Machicha niliazima kwenye nyumba zote zilizopika pombe ya Jumapili.

Wa mwisho alikuwa Kunigunda, anamvuta punda wake mwenyewe. Bondeni leo pana ukungu mzito na kifua chake kinapiga filimbi. Nikampa punda wake shimo zuri, lililo karibu na ukuta wa jiko langu. Kunigunda nikamlaza jikoni.

Jumatatu, 16 Julai

Nimeshinda.

Asubuhi magunia yalikuwa yamepangwa barabarani, wenye magunia wapo, kamba zipo. Punda wamelala. Kila mmoja ndani ya shimo lake, midomo wazi, wengine wanakoroma. Wakavutwa masikio. Wakavutwa mikia. Wakamwagiwa maji. Bernadi alipiga magoti akawaita wa kwake kwa majina ya wajomba zake. Hakuna aliyesimama.

Wenye kahawa wakabeba magunia kichwani kwenda Mbinga. Waliyosema nikiwa nasikia siwezi kuyaandika nyuma ya picha ya Mtakatifu Yosefu.

Ndipo Mansuetus akaja na mikeka begani, na Romanus nyuma yake kama shahidi. Akatazama. Farasi mmoja. Punda kila shimo. Akaniuliza, Mama, umewapa nini hawa? Nikasema ukarimu. Akasema hawa hawajakaa kwa hiari, wamelewa. Nikamwomba Romanus arudie maneno ya mwanangu kama yalivyosemwa siku ile. Romanus alijikuna shingo, lakini ni mtu wa kweli. Akasema, ulisema likijaa. Hukusema wawe macho.

Mansuetus akahesabu mashimo kwa kidole. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Anacheka, mwanangu, kama alivyokuwa akicheka mgongoni kwangu. Akakunja mikeka. Akasema zizi ni lako mpaka ufe, Mama, na nakusihi usife kabla ya kuwaamsha.

Ephrasia amekuja jioni. Ameleta chumvi, konzi nzima, hakuipima. Nadhani amefurahi kuliko mimi.

Jumanne, 17 Julai

Wanyama waliamka mchana, wana kiu, wamenuna. Wenyewe wamewachukua wakiapa kwamba hawatarudi. Saa kumi farasi wa Padri amerudi peke yake, anaburuta kamba. Baadaye punda wawili wa Bernadi wamerudi wakikimbia, na Bernadi nyuma yao hana pumzi. Nimempa maji. Nimempa na uji. Mteja ni mteja.

Na sasa habari kubwa. Lori la kubeba kahawa limefika. Dereva ameniambia breki zake si nzuri, na anatafuta mahali pa kuliacha lisije likateremka. Nimemwambia amefika mahali penyewe. Yupo jikoni anakula maharage, yana chumvi ya kutosha.

Mimi na Kunigunda tumeshika majembe, tunachimba mbele ya magurudumu. Tumeshalaza nyasi. Shimo la lori linataka kuwa kubwa kuliko la farasi, na Kunigunda anasema hata hili ni dogo, liongezwe kina. Kwa mara ya kwanza wifi yangu amesema neno la maana.

Lori linakula nini sijui. Nimetia machicha.

Dereva bado hajaambiwa. Nataka alale hapa, aamke alikute limelala humo humo.