Wakala wa Kujitoa

Siku Lukmani alipoigundua kazi yake mpya, alikuwa ameketi kwenye meza yake karibu na stendi ya Bukoba, akibandika protekta za simu alizozinunua kwa bei ya pipi na kuziuza kwa bei ya miwani. Mama mmoja wa Nyanga, jina lake Judica, akasimama mbele yake ameishika simu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Kijana, hii inakula vocha. Naweka asubuhi, saa nne imekwisha. Na sijampigia mtu!"

Lukmani akapiga nyota, namba tatu, reli. Menyu ikafunguka. Kumbe mjukuu alikuwa amegusa tangazo la magari ya mashindano, akamwunganisha bibi yake na huduma ya Gemu Raha, ambayo kila asubuhi ilijikatia chake kimya kimya. Lukmani akabonyeza "Huduma zangu", akabonyeza "Gemu Raha", akabonyeza "Jitoe". Meseji ikaingia: Umejitoa. Kazi nzima haikuzidi muda wa kupiga chafya mbili.

Alitaka kumrudishia simu. Nasema alitaka, maana ni haki yake tuliseme hilo. Lakini akainua macho, akaona anavyotazamwa: kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Mkono ukarudi wenyewe.

"Mama," alisema kwa upole, "hii imeingia mpaka kwenye seva."

"Yesu wangu! Itatoka?"

"Itatoka. Ila seva ina gharama zake."

Mama Judica akalipa elfu tano na kumwombea baraka. Kesho yake Lukmani alikuwa anavaa shingoni kitambulisho chenye picha yake akiwa na tai: LUKMANI M., WAKALA WA KUJITOA. Wakala wa nani, hakikusema. Mimi mwenyewe nilikisoma mara mbili, nikaona herufi ni kubwa na zimenyooka, nikaridhika. Na nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja.

Ndiyo, mimi ni mmoja wa waliotapeliwa. Msomaji anayetaka kusikia habari hizi kutoka kwa mtu mwenye akili zaidi, amtafute.

Ulikuwa msimu wa kahawa, na Lukmani alijua fedha ziko Muleba. Jumapili moja akatokea kwetu Izigo, kijiji cha huko Muleba, kwenye uwanja wa kanisa la Kilutheri, wakati wa mnada wa mikungu ya ndizi na kuku waliotolewa sadaka. Yeye ni Mwislamu, lakini alisimama kwa adabu, akanunua boga moja kwa bei iliyotufanya tupige makofi. Baada ya boga lile, angetuambia jua ni bati tungekubali. Akaomba benchi, akaketi, akaeleza habari za Gemu Raha.

"Wangapi hapa salio linawaishia bila sababu?"

Mikono yote ikainuka. Nani amewahi kuishiwa salio akakiri kwamba sababu ni yeye?

Tukapanga foleni. Nilikuwa wa kumi na mbili. Lukmani alichukua kila simu pamoja na elfu tano, akakunja uso, akabonyeza hiki na kile, akasema, "Nimewapelekea maombi. Seva itakutoa ndani ya siku saba." Ukweli ni kwamba hakumtoa mtu hata mmoja. Mtu aliyetoka harudi, na Lukmani alipenda wateja wanaorudi.

Lakini kilichotumaliza ni fomu ya marejesho. Kwa elfu kumi, alisema, unajaza fomu, na fedha zote ulizokatwa tangu ujiunge zinarudi.

"Umekatwa tangu lini, Mwalimu?"

"Miaka mitatu," nilijibu. Simu yangu ilikuwa na miezi minane.

Lukmani akanitazama kwa heshima, kama fundi anayemtazama fundi mwenzake, akaandika. Nyuma yangu alikuwa Ta Isaac, mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye aliposikia mitatu akasema mitano.

Siku hiyo alijaza fomu pia mwanamke mmoja aitwaye Kokubanza. Alikuwa mgeni, amepanga chumba kwa Ma Jovina. Alisema amekuja kununua kahawa. Hakuuliza swali. Alilipa, akakunja risiti yake ya karatasi ya daftari, akaenda.

Jumapili ya tatu alirudi kwenye benchi, akapiga goti.

"Waitu Lukmani," alisema kwa ile heshima ya Kihaya, "nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini, dada?"

Akamwonyesha simu. Meseji ilitoka kwa OFISI YA MAREJESHO: Ndugu Kokubanza, marejesho yako yamepitishwa, laki tatu na elfu kumi na mbili, fika ofisi ya Nyanga. Kisha akafungua mkoba kidogo tu, kiasi cha Lukmani kuona noti nyekundu zimelala humo, bado zina rababendi.

Hapa ndipo Lukmani alipopotea. Fomu zile alizibuni mwenyewe, akaziandika mwenyewe, na kila Jumatatu alizitumia kuwashia mkaa. Lakini noti zilikuwa noti. Je, kama ofisi ipo kweli? Je, kama ameunguza mali ya watu, na sehemu yake humo humo? Kwa mara ya kwanza maishani alihisi uchungu wa kudhulumiwa, na aliyemdhulumu ni yeye mwenyewe.

"Ofisi ile," aliuliza kwa sauti isiyo yake, "mawakala inawapa nini?"

"Ninyi? Hujui? Fungu la kumi kwa kila fomu. Si umesajiliwa?"

"Nimesajiliwa. Ila... usajili umeisha muda."

"Basi huisha. Unaweka dhamana tu. Meneja ni binamu yangu, na mchana huu nakwenda Bukoba. Wakala mwenye fomu chache anaweka laki mbili. Mwenye nyingi kama wewe, milioni moja."

Lukmani akatoa makusanyo yote ya wiki tatu. Hayakufika. Akaomba udhuru, akamwuzia muuza duka simu yake nzuri, akabaki na simu ya kitochi. Tulimwona akikabidhi bahasha kwa mikono miwili, tukasema kimoyomoyo: huyu kijana kweli anapeleka fedha zetu ofisini.

"Dada, risiti?"

Kokubanza akamtazama kwa huzuni. "Waitu, hata mimi huniamini?"

Lukmani akaona aibu, akaomba radhi.

Jumatatu alivaa tai akaenda Nyanga. Alizunguka kutwa, akakuta nyumba za watu, migomba na kahawa iliyoanikwa. Mwanamke aliyekuwa akigeuza kahawa kwenye mkeka alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ofisi? Hapa? Labda uulize hiyo migomba, mmojawapo anaweza kuwa meneja."

Lukmani alikuwa ameinakili namba ya OFISI YA MAREJESHO kutoka simu ya Kokubanza. Akaipiga. Ikapokelewa na sauti anayoijua, nyuma yake honi ya basi.

"Dada Kokubanza? Hii si namba ya ofisi?"

"Ni laini yangu ya pili, kaka. Kwenye simu yako unaihifadhi kwa jina lolote unalotaka. Wewe si fundi wa simu?"

Simu ikakatwa. Haikupatikana tena.

Lukmani akarudi Izigo mbio, akidhani atamkuta kwa Ma Jovina. Alichokuta ni sisi, uwanjani, tumechoka kusubiri marejesho. Tukamzunguka. Alianza kulia hata kabla hajaguswa, akasimulia yote, hadi mkaa, hadi simu aliyoiuza. Alilia kwa uchungu wa kweli wa mtu aliyeibiwa hata kina mama wakaanza kusema pole, mpaka Ma Jovina akawakumbusha kwamba kilichoibiwa ni chao.

"Tumpeleke polisi," mmoja akasema.

Ta Isaac akakohoa. Polisi wangeandika maelezo, na kwenye maelezo wangeuliza mwenyekiti alikatwaje miaka mitano kwa laini ya mwaka jana. Nami nilikohoa. Nilisikia watu wengi wakikohoa.

"Hapana," alisema Ta Isaac. "Keti kwenye benchi. Utamtoa kila mtu, bure, na umwonyeshe kidole kinabonyeza wapi."

Lukmani akaketi. Foleni ileile. Meseji zikawa zinaingia, Umejitoa, Umejitoa, na kila ilipoingia mwenye simu aliitazama, akaona jinsi lilivyokuwa jambo jepesi.

Zamu yangu ilifika. Lukmani akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Kisha akaninong'oneza:

"Mwalimu, wewe hukuwahi kuunganishwa. Salio lako unalimaliza mwenyewe. Unaongea sana."

Watu walikuwa wamenyoosha shingo. "Vipi, Mwalimu? Imetoka?"

Lukmani akainua simu yangu juu. "Ya Mwalimu ilikuwa imeingia ndani kuliko zote," alitangaza. "Lakini nimeitoa!"

Wakanipigia makofi. Nami, mbele ya wote, nikaingiza mkono mfukoni, nikampa elfu tano nyingine.