Ukurasa Mtiifu

Profesa, cheo alichojitunuku bila kukisumbua chuo chochote, alikuwa akichagua kitambaa cha suti pale mwenye duka alipoanza kulalamika. Binti yake kafeli mtihani wa ufamasia. Alama thelathini na moja!

Masikio ya Profesa yalisimama.

"Mama, hiyo kazi ndogo. Nitumie hiyo linki ya matokeo."

Akaifungua kwenye laptopu yake. Kule juu, kwenye anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza, palikuwa na jina la binti na maneno alama=31. Profesa akafuta 31, akaandika 91. Ukurasa ukatii papo hapo: AMEFAULU.

"Makubwa!" Mwenye duka akashika kifua. "Umefanyaje, mwanangu? Una akili wewe!"

Profesa alikuwa na ugonjwa mmoja sugu, kupenda sifa. Badala ya kutaja bei na kufunga mdomo, akaanza kufundisha.

"Ukurasa huu hauulizi mtu, Mama. Unachukua kilichoandikwa baada ya jina=, unachukua kilichoandikwa baada ya alama=, unavitangaza. Ukiuandikia uongo, unausema kwa herufi kubwa."

Hakutaja kwamba chuoni kwenyewe binti alibaki na thelathini na moja yake. Mambo mengine mteja huyagundua mwenyewe, muuzaji akiwa mbali.

"Basi niuzie mashine yenyewe," alisema mama. "Nina wapwa wanne, wote vichwa vigumu."

Profesa aliitazama laptopu yake, betri imechoka, herufi mbili zimeng'oka. Akataja bei ya mashine tatu mpya. Mama hakupepesa hata jicho. Akainamia simu yake, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena.

"Nimekulipa kupitia mfumo wa duka. Fungua linki ya risiti niliyokutumia."

Ukurasa wa kijani ukafunguka kwenye simu ya Profesa. Aliona jina lake, akaona sifuri zilivyojipanga, moyo ukamjaa. Akakabidhi laptopu, akatoka mbiombio kabla mama hajabadili mawazo.

Kwa wakala wa pesa, mtaa wa pili, salio lilikuwa lilelile la asubuhi.

"Haiwezekani, dada. Risiti hii hapa."

Wakala akaichukua simu, akasoma, akamtazama Profesa kwa huruma, akasoma tena.

"Kaka, hii uliisoma yote?"

"Nimeiona! Hali: imelipwa."

"Soma vizuri."

Profesa akasoma anwani kule juu, herufi kwa herufi: jina=Profesa&kiasi=3000000&hali=umeliwa. Na chini, kwa herufi kubwa za kijani, ukurasa ulikuwa umetangaza kwa utiifu: HALI: UMELIWA.

Akapiga hatua tatu kuelekea kituo cha polisi. Akajaribu kupanga maelezo atakayotoa: alikuwa akiuza nini, kwa nani, kwa kazi gani. Akasimama. Kisha akageuka, akaenda zake nyumbani kwa miguu.