Mayai ya Mama Mkwe na Herufi C

Ndugu zangu, leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, nimeaibika mbele ya mtaa mzima, na nimeaibika kwa Kifaransa. Mimi, mwalimu wa Kifaransa!

Nianze na asubuhi, maana asubuhi nilikuwa bado mtu wa heshima.

Mama mkwe wangu amefika juzijuzi kutoka Kalengera. Amekimbia vita. Huko alikuwa na kuku wekundu wa kienyeji, wa ukoo ule ule aliokuwa akifuga mama yake. Njiani, kwenye kizuizi, wenye bunduki walichukua kuku wote, jogoo naye akaenda. (Tulimuuliza walikuwa wa upande gani. Akasema bunduki zote zinapenda kuku.) Mayai hawakuyaona. Aliyaficha kikapuni chini ya maharage, akatembea nayo hadi Goma, na hakuna lililopasuka. Hayo mayai ndiyo yaliyobaki ya nyumba yake. Alituambia wazi: yakianguliwa, siku moja atarudi Kalengera akiwa na kitu mkononi.

Mke wangu, Mama Neema, akasema tuazime kuku wa jirani ayalalie. Nikacheka. Kuku! Zama hizi! Shule imefungwa tena kwa sababu ya vita, nina muda mwingi na akili isiyo na kazi. Nikasema nitatengeneza kuvezi, mashine ya kutotolesha vifaranga. Nikachukua friji yetu iliyokufa, nikafunga ndani taa mbili kubwa, nikatafuta themostati kwa mfanyabiashara mmoja wa Bunagana. Themostati ni kadude kadogo kenye namba nyekundu. Unakaambia joto unalotaka, kenyewe kanawasha taa na kuzima. Juu yake nikaongeza king'ora cha pikipiki, kilie joto likizidi. (Huo ulikuwa ubunifu wangu mwenyewe. Subirini.)

Leo asubuhi nikakafunga. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina na Kiingereza, nikaiweka kando. Nikaandika digrii thelathini na saba na nusu. Kakaniuliza swali moja tu: C au H?

"C ni nini?" akauliza Mama Neema.

"C ni chaud, mama! Moto! H ni humide, maji-maji. Unataka mayayi ilowane?"

Nikachagua C bila hata kupepesa macho. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikapu magotini. Akanipa mayai moja moja, taratibu, kama mzazi anayeacha watoto shuleni siku ya kwanza. Nikayapanga, nikafunga mlango, nikawasha.

Taa hazikuwaka.

Namba zinasema ishirini, taa ziko giza. Nikabadilisha taa. Giza. Nikakagua nyaya, nikahamisha plagi, nikazima na kuwasha upya. Giza. Nikakapiga kofi. (Kalistahili.) Mama mkwe ananitazama, kikapu kitupu magotini.

"Papa Neema, kuku wa jirani angaliko," akasema mke wangu.

"Niache! Hii mashini iko na baridi tu!"

Na hapo ndipo akili ikanijia. Asubuhi za Goma zina baridi, hata gari bovu lazima lipashwe moto kwanza. Nikaokota jiwe la volkano uani. (Mji huu unakosa maji na unakosa amani, lakini mawe hayo hayajawahi kukosekana. Nyumba yetu ya kwanza iko chini yake.) Nikalichoma juu ya mbabula, jiko letu la makaa, hadi likaiva, nikalifunga kwa vitambaa, nikalisukuma ndani ya friji. Namba zikapanda. Thelathini. Thelathini na tano. Thelathini na saba na nusu…

Tak! Taa zote mbili zikawaka.

Jamani, nilipiga kelele! Majirani wakaja. Nikatoa jiwe, nikafunga mlango, nikawahutubia. Nikawaeleza maana ya C. Nikawaeleza na H. Mama mkwe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akasema, "Aksanti, mutoto yangu." Mutoto yangu! Nikafunika friji yote kwa blanketi, na namba zake, joto lisitoroke. Nikashika njia ya Kituku kutafuta sambaza, hivi visamaki vyetu vya ziwani, tusherehekee.

Kituku mitumbwi ilichelewa. Sikujali. Niliwasimulia wauza samaki wote habari za teknolojia. Na umeme, huu umeme wetu unaokatika kila siku bila kuomba ruhusa, leo ukakaa. Leo! Ungekatika kidogo tu, nisingekuwa ninaandika haya.

Narudi, nakuta mtaa wetu wote uko nje. Magodoro vichwani. Sufuria. Mzee mmoja kabeba televisheni. Kwa mbali kitu kinalia: wiu, wiu, wiu!

"Ni alarme ya volkano!" Mama Furaha, jirani yetu, akanipigia kelele. "Kimbia, Prof!"

"Tunakimbilia wapi?"

"Sake!"

"Sake banapigana!" akajibu mwingine.

"Basi Gisenyi!"

"Mupaka imefungwa!"

Watu wakasimama na magodoro yao katikati ya njia, wakitazamana. Sitasahau nyuso zile. Nikautazama mlima, umekaa na moshi wake wa kila siku. Nikasikiliza vizuri ule mlio. Ulikuwa unatoka kwangu.

Ningenyamaza, ningepona. Lakini Mama Neema akatokea mlangoni na sauti yake ile ya kwaya.

"Papa Neema! Kuja uzime mashini yako! Mi najaribu, inakataa!"

Godoro moja likaanguka. Nikapita katikati ya macho yote, sambaza mkononi, nikang'oa plagi. Namba zilikuwa zinasema sabini na moja.

Nikatoka na hasira, maana mtu akiaibika hutafuta wa kulaumu. Nikatangaza kwamba yule mfanyabiashara wa Bunagana ameniuzia kitu kibovu. Nikampigia simu hapo hapo, nikaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Umeweka C ama H?" akauliza.

"C! Chaud!"

Akajibu, "Papa, ile ni Kingereza. C ni ya kutia baridi, ya frigo. H ni ya moto. Ukiweka C, inaona joto, inafikiri inawasha frigo. Joto inapanda, yeye anaendelea tu kuwasha."

Mtaa ukaangua kicheko. Watu waliokuwa wanalia kwa hofu sasa wanalia kwa kucheka, wamekalia magodoro yao. "Chaud!" wanaitana. "Eh, Chaud, aksanti!" Nafikiri hilo ndilo jina langu sasa.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Yuko peku kando ya njia, mikono imefungwa kwa kitenge. King'ora kilipolia hakuchukua nguo wala viatu. Alifungua friji, akatoa mayai kwa mikono mitupu, yanaunguza, akayapanga kikapuni na kukimbia nayo. Mara ya pili anayakimbiza.

Vicheko vikapungua. Akachukua yai moja, akaligonga kwenye jiwe, akamenya kidogo. Jeupe. Gumu. Akalitazama muda mrefu.

"Bale ba bunduki," akasema polepole, "benyewe balibakisha mayayi."

Nilitaka kuomba msamaha, Kiswahili kikanikimbia, Kifaransa sikukitaka.

Akasema chakula hakitupwi. Akaomba chumvi, akaanza kugawa. Yeye mwenyewe hakula. Watoto wa mtaa hawajaona yai tangu barabara zifungwe, walikula huku wakiruka ruka. Mimi pia nikapewa langu, mbele ya wote, na yai la mama mkwe halikataliwi.

Kwa hiyo mnaosoma, tafadhali, mtu asicheke. Nimelila. Lilikuwa limeiva vizuri sana.