Mke Mwenza wa Chuma

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya tisa ya ndoa! Kijiji kidogo, majabali marefu, bahari inanguruma chini yake, na mume wangu, jamani, na lile shati jeupe! Nataka kitu kimoja tu: tutembee wawili, mkono kwa mkono, mpaka ncha ya jabali. Basi la kurudi ni Ijumaa saa sita. Leo nilijifanya nina kizunguzungu ili anikumbatie. Akakimbilia maji kwenye jengo la winchi kuukuu, iliyokuwa ikipandisha mabehewa ya mawe kutoka machimboni. Akarudi baada ya saa nzima. Bila maji. Macho yanang'aa. Kasema winchi ni nzima, imekwama tu.

Jumanne, 5 Agosti
Gauni jekundu! Laazizi kasema nimependeza kuliko siku ya harusi. Kisha akaniomba nimshikie tochi. Bibi mtunza winchi, karani wa machimbo enzi hizo, akacheka mpaka akashika kiuno: "Karibu, bibi harusi! Mke mwenzio huyu hapa, ana tani nne." Sikucheka. Gauni lina mafuta.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekaa jabalini peke yangu. Nina mume, yuko hatua mia tu, na bado namkumbuka kana kwamba amesafiri. Nasikia nyundo yake. Hata nyundo yake naipenda! Adhuhuri nikaiba nati kubwa ya winchi, nikaitupa baharini. Chubwi! Bila nati hakuna kazi, au siyo? Alishinda mpaka jioni akichonga nyingine kwa tupa. Nilikula nikizungumza na kikopo cha chumvi.

Alhamisi, 7 Agosti
Imezunguka! Behewa limepanda jabali, mara ya kwanza kwa miaka arobaini. Kijiji kizima vigelegele. Laazizi akamkumbatia bibi. Kisha akalikumbatia bomba la winchi. Mimi wa tatu. Lakini nimo!

Ijumaa, 8 Agosti
Alfajiri nilificha tiketi ndani ya kiatu. Tukikosa basi, nimepata siku nzima! Chai haijapoa, Laazizi akanishika mkono. Kasema amekwisha kumuaga bibi, na mpaka saa sita yeye ni wangu peke yangu, twende kwenye ncha. Nilitaka kulia! Tukatembea. Kiganja chake kimejaa michubuko. Kasema winchi aliitengeneza ili nijivunie mume. Mimi!

Nusu ya njia akapapasa mfuko. Tiketi! Akageuza mifuko yote, hata mkoba wangu. Unyayo ukaniwasha. Mara uso wake ukachanua: kama hakuna tiketi, kasema, basi hakuna haraka, na bibi ana mabehewa matano yanayosubiri grisi. Akanibusu, akatoka mbio.

Basi limeondoka. Naandika haya katikati ya njia, kiatu mkononi, ncha naiona kule. Nampenda mno! Na kesho hanikwepi: nimeshajua bibi anapoweka kopo la grisi.